Mahindi ya Kuku

Nyumbani, Kondoa
24 Juni 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia barua kama zamani kwa sababu mtandao wa simu hapa kwetu unashika pale kilimani tu, mbele ya msikiti, na pale wazee hawakosekani. Jambo hili sitaki lisikike. Ndiyo maana nilikupigia kwa kifupi tu, uifuate barua stendi ya Dodoma kwa kondakta wa basi la asubuhi.

Idi tumeila kwa machozi. Watoto wa huku bondeni wameugua, macho manjano, matumbo yamejaa. Mganga wa zahanati akawakimbiza wilayani. Wawili hawakurudi, na mmoja ni Abdulrahim, mjukuu wa Mzee Suwedi, yule mtundu uliyemletea kalamu za rangi mwaka jana. Wilayani wamechukua damu, jibu mpaka leo hakuna.

Sasa sikiliza. Wote walioumwa walikuwa wakitoka madrasa wanapita kwa shangazi yako Mwantum, anawapa uji na ugali. Watu wameshaunganisha. Mjane, hana mtoto, anaishi peke yake, na watoto wa wenzake wakila kwake wanakufa. Mzee Suwedi amesema mbele ya watu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kila mtu alijua anamsema nani. Wazee wamekubaliana Maulidi yakishapita wakae kikao. Kama hakuna la kumsafisha, aondoke kijijini. Aende wapi katika umri ule? Mimi ndiye nduguye pekee aliyebaki katika tumbo letu.

Wewe unasomea mambo ya vyakula hapo chuo kikuu, Chimwaga. Niandikie karatasi iseme kwamba Mwantum hana kosa, ipigwe muhuri wa chuo. Neno moja la chuo litawanyamazisha hawa. Fanya haraka.

Baba yako mdogo,
Athuman


Ipagala, Dodoma
30 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisomea palepale stendi, nikalia mbele za watu, sikujali. Mwambie mama yake Abdulrahim nampa pole, ingawa najua kwa sasa salamu inayotoka kwa jamaa wa Mwantum inaweza isipokelewe.

Karatasi unayoitaka siwezi kuiandika. Usikunje uso kwanza, soma mpaka mwisho. Nilimpelekea habari hii Dokta Emilia Mazengo, mwalimu anayenisimamia. Alinisikiliza, akaniuliza ninataka kujua nini. Nikamwambia nataka kuonyesha kwamba shangazi hana kosa. Akasema, "Basi huna swali, Mwanaidi, una ombi. Swali ni lile ambalo jibu lake linaweza kukukatalia."

Maneno hayo yaliniuma. Shangazi ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyekuwa akinisindikiza shule mpaka kwenye korongo na kusimama pale hadi nivuke. Nikisema niko tayari kusikia jibu lolote juu yake, nasema jambo zito. Lakini kama nitaamua jibu kwanza halafu nikalitafutie muhuri, nitakuwa na tofauti gani na Mzee Suwedi? Naye ameamua kwanza.

Kuna sumu inayoitwa sumukuvu. Inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa mvua haijakatika, au zilizoanikwa chini. Haiishi kwa kupikwa. Huharibu ini, na mtu akiharibika ini macho huwa manjano. Mimi nadhani ni hiyo, ila kudhani kwangu hakumsaidii mtu. Naomba unitumie mahindi kidogo kutoka kila nyumba ya bondeni, iliyouguliwa na isiyouguliwa. Mkono uingie juu, katikati na chini ya kihenge, yachanganywe, kisha msichague. Mpishi hukoroga chungu ndipo aonje, hachoti pale panapompendeza. Niandikie pia waliokula kwa shangazi wakaugua, na waliokula wasiugue. Hawa wa pili ni muhimu sawa na wale wa kwanza.

Ningekuja mwenyewe. Dokta amenikataza. Anasema mimi ni ndugu wa mtuhumiwa, mkono wangu usiguse gunia.

Mwanao,
Mwanaidi


Nyumbani, Kondoa
9 Julai 2024

Mwanaidi,

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nilikasirika. Shangazi yako alikubeba mgongoni, leo unasema uko tayari kusikia jibu lolote? Hiyo elimu ina baridi, mwanangu. Sisi huku damu ni nzito.

Hata hivyo nimefanya ulivyosema, maana mimi nikisema nitafanya huwa nafanya. Nimepita nyumba kwa nyumba nikawaeleza kwamba mahindi yanakwenda chuo kikuu Dodoma, yatatazamwa na madokta. Watu wameitikia vizuri kuliko nilivyotegemea, hata nyumba ya Mzee Suwedi imetoa. Wanawake wameyashughulikia kwa heshima zote. Mifuko yote unayo, majina nimeandika juu ya kila mmoja.

Walioumwa nimewaorodhesha kwenye karatasi nyingine. Wasioumwa sikuona maana ya kuwaandika, mtu mzima wa afya ana habari gani ya kutoa? Shangazi yako hajambo. Anakaa ndani tu siku hizi, hatoki, hali vizuri, lakini nani angekula vizuri katika hali ile?

Nimewaahidi wazee kwamba jibu likija nitalisoma mbele yao, liwe liwalo. Nilisema hivyo kwa sababu najua litakuwa jema.

Athuman


Ipagala, Dodoma
25 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Majibu yametoka na sitakuficha. Mahindi mliyoyaleta ni mazuri. Sumukuvu iliyomo ni chembe tu, chini ya kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa sokoni.

Sielewi. Mwaka huu mvua zilichelewa kukatika, kila mtu alivuna mahindi mabichi, na Dokta anasema maeneo mengine ya huko yameonyesha sumu nyingi. Kuna kitu hakijakaa sawa na bado sijakiona. Nakuomba sana, usimsomee mtu barua hii mpaka nikuandikie tena. Jibu hili halijakamilika.

Mwanaidi


Nyumbani, Kondoa
1 Agosti 2024

Mwanaidi,

Umechelewa. Kondakta alipoileta barua nilikuwa kilimani na wazee, wakaiona bahasha. Nilikwishaahidi. Ningeificha ningekuwa nimemhukumu dada yangu kwa mkono wangu. Nikaisoma.

Nilipofika pale uliposema mahindi ni mazuri, Mzee Suwedi alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Basi chuo nacho kimesema. Si mahindi. Kilichobaki ni mtu." Halafu akaondoka zake, wengine wakamfuata, na mimi nikabaki na karatasi mkononi. Maneno yako ya chini, kwamba jibu halijakamilika, hakuna aliyebaki kuyasikia.

Jioni vijana walikwenda wakaezua paa la shangazi yako. Sasa yupo jikoni kwetu. Mke wangu anampa chakula, ila watoto wetu anawakataza kumkaribia, hata nikimgombeza.

Nilikuomba neno moja la kumsaidia. Ukanipa mafundisho ya kukoroga chungu, nikakoroga, na ona tulichopata. Huo utafiti wako umemfukuza kabla ya kikao. Sijui kama nitakuandikia tena.

Athuman


Ipagala, Dodoma
5 Agosti 2024

Baba mdogo,

Hasira yako naipokea, ni haki yako. Lakini nisikilize mara hii kama uliwahi kunisikiliza.

Juzi nilirudi maabara nikaifungua ile mifuko upya, nikamwaga mahindi mezani, nikayatazama kwa macho bila mashine yoyote. Hakuna punje iliyopasuka. Hakuna iliyotobolewa na mdudu, hakuna jani wala jiwe. Nimekula mahindi ya kwetu tangu naota meno na sijawahi kuona kihenge kinachotoa mahindi kama yale. Ndipo nikayakumbuka maneno yako kwamba wanawake waliyashughulikia kwa heshima zote.

Waliyachambua, sivyo? Walikaa na nyungo wakatoa kila punje mbovu kwa sababu ni aibu kupeleka kitu kichafu kwa wageni, tena madokta. Siwalaumu. Mama angefanya hivyohivyo. Kosa langu ni kwamba niliandika msichague, bila kueleza sababu, tena nikamwandikia mwanamume kazi ambayo mikono ya wanawake ndiyo inayoifanya. Mlinitumia heshima yenu, nikaipima, nikakuta haina sumu.

Sasa nina maswali manne matano na ninaogopa kuyauliza. Yale yaliyotolewa kwenye ungo yalikwenda wapi? Na siyo ya siku ile tu, ya kila siku, kila nyumba inapotaka kusaga, yanakwenda wapi? Kati ya mifuko yote, mbona hakuna wenye jina la shangazi? Nilisema kila nyumba. Na kwenye orodha yako ya waliokula kwake, mbona yeye mwenyewe hayumo? Anapika, anagawa, na yeye hali? Mtoe nje kwenye mwanga wa jua, umtazame macho.

La mwisho. Shangazi ana kuku?

Dokta amewaandikia wilayani. Atakuja afisa pamoja na mwanafunzi mwenzangu, Ruthu, binti wa Kigogo wa Nkuhungu, hana ndugu kwetu wala ugomvi na mtu. Watachukua wenyewe, na mfuko utaandikwa alama atakayoijua Ruthu peke yake, ili mimi nitakapopima nisijue napima cha nani. Waruhusuni waingie hata jikoni kwenu.

Mwanao,
Mwanaidi


Nyumbani, Kondoa
14 Agosti 2024

Mwanangu,

Wamekuja, wamechukua, wameondoka. Huyo Ruthu ana adabu. Aliamkia kila mtu, akakaa chini na wanawake, akawaambia anataka yale mabaya zaidi ya mazuri. Walicheka, kisha wakamletea. Katika magofu ya nyumba ya shangazi yako kilikuwepo kibuyu cha unga, naye akachota humo.

Nilimtoa dada yangu juani kama ulivyosema. Mwanaidi, macho yake ni manjano kama yai. Alikuwa akiyafunika kwa ushungi, mimi nikidhani ni haya. Tumbo limejaa. Tulikuwa tumekaa naye jikoni, tunamwogopa, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Afisa alimchukua kwenye gari lake mpaka hospitali.

Mfuko wake mara ya kwanza sikuuchukua kwa makusudi. Niliogopa ungeonyesha kitu. Ndiyo hivyo.

Umeuliza kuku. Hana. Walikwisha kwa ugonjwa wa kideri mwaka juzi, kila mtu anajua. Lakini mtu aliyefiwa na mume akarudi kwao mikono mitupu humpelekei makapi ukamwambia kula. Unamwambia, "Dada, chukua haya ya kuku wako," naye anashukuru, anaingia nayo ndani, na hakuna anayeaibika. Ndiyo desturi yetu ya kusitiriana. Nyumba zote zilikuwa zikimpelekea. Usiniulize zipi.

Athuman


Ipagala, Dodoma
6 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hospitali wananiambia shangazi anaendelea kupata nafuu polepole. Alhamdulillah.

Nimepima. Mahindi ya vihenge yana sumukuvu, nyumba zote, nyingine kidogo na nyingine ya kutisha. Ila ulikuwapo mfuko mmoja ambao mashine ilipousoma nilidhani imeharibika. Nikarudia. Nikamwomba mwenzangu arudie bila kumwambia nimepata nini. Jibu likawa lilelile. Nilikaa pale nikiutazama ule mfuko na alama yake, nikaomba, nakiri niliomba, uwe wa mtu mwingine. Kisha Ruthu akafungua bahasha yake ya alama. Ni unga wa kibuyu cha shangazi.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba si yeye. Karatasi iliyomo humu ina muhuri ulioutaka, na inasema sumu iliyowaua watoto ilikuwa ndani ya chungu cha Mwantum. Inasema pia kwamba mahindi yale yalitoka kwenye nyungo za nyumba zote za bondeni, kila nyumba ikitoa punje mbovu ili watu wake wasizile, na yote yakakusanyika mahali pamoja, kwa mtu aliyekula na kuwagawia waliopita wana njaa. Na inasema yeye mwenyewe ameugua ugonjwa uleule.

Maneno hayo hayatenganishwi. Ukisoma la kwanza ukaacha la pili, utakuwa umemmaliza dada yako. Ukisoma la pili ukaruka la kwanza, utakuwa umemdanganya mama yake Abdulrahim, naye anastahili kujua mwanawe alikula nini. Mara ya kwanza ulisoma nusu ukaachwa na karatasi mkononi. Mara hii waombe wakae mpaka mwisho.

Najua nyumba yako pia imo. Nimekuandikia wewe hivyohivyo.

Mwanaidi


Nyumbani, Kondoa
20 Septemba 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Maulidi yalipita, tukakaa. Niliwaomba watu wasinyanyuke mpaka nimalize, na kabla ya kuanza nikamwomba imamu aifunge milango ya baraza. Nilisoma yote. Nilipofika penye chungu cha Mwantum watu waliguna, nikaendelea. Nilipofika penye nyungo hakuna aliyeguna.

Mzee Suwedi aliuliza swali moja tu. Alisema, "Hata ya nyumbani kwangu?"

Nikamwambia, "Hata ya kwako. Na ya kwangu."

Alikaa. Nilidhani atasimama kama siku ile, lakini alikaa, akaivua kofia yake akaiweka gotini. Mkewe, aliyekuwa upande wa wanawake, ndiye aliyeanza kulia. Alisema yeye ndiye aliyempelekea Mwantum ya mwisho, wiki ileile, na alimtuma Abdulrahim ayabebe.

Kikao kikaishia pale. Hakuna aliyesema Mwantum aondoke wala abaki. Siku ya pili nikawakuta wale vijana wanaezeka paa lake, na sikuwauliza nani amewatuma.

Niliwahi kukuambia elimu yako ina baridi. Nimelirudisha neno hilo. Lakini usinitake niseme imenifurahisha, maana hapa hakuna nyumba inayolala vizuri.

Baba yako mdogo,
Athuman


Nyumbani, Kondoa
27 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Mwanaidi,

Salaam. Naandika mwenyewe, ile herufi tuliyofundishwa kwenye kisomo bado ninayo, penye makosa usamehe. Nimerudi. Macho yamekuwa meupe. Chakula nakula kidogo.

Watu wananijia. Wananisalimia sana kuliko zamani, na mimi sijui niwaitikieje. Mama yake Abdulrahim alikuja akakaa mlangoni. Yule mtoto alikuwa anapenda ukoko. Nilikuwa namwachia ule wa chini, ulionona, kwa sababu nilimpenda. Hilo usiliandike kwenye vitabu vyenu.

Mdogo wangu Athuman amenieleza ulivyofanya. Amesema ulikubali kusikia lolote juu yangu. Alidhani nitanuna. Sikununa. Wengine wote walikuwa wameshaamua, wewe peke yako ndiye uliyeuliza kama na mimi naumwa.

Sasa nina jambo. Kila nyumba inaniletea mahindi. Meupe, yamechambuliwa, hakuna hata punje mbovu. Jana mke wa Mzee Suwedi ameleta debe. Nilimshika mkono nikamuuliza, haya mliyonichambulia mimi, yale mabaya yake mmeyapeleka wapi? Nikawauliza na wengine, mmoja mmoja.

Wote wananiambia ni ya kuku. Kuku wa nani, hawanitajii.

Njoo, mwanangu.

Shangazi yako,
Mwantum